Shida Zote Jumatatu

Kanuni ya yule mshonaji ilikuwa moja tu, na aliiandika kwa wino mweusi kwenye kipande cha boksi akakipigilia mlangoni: JUMAPILI HATUFUNGUI. SHIDA ZOTE JUMATATU. Saa nne asubuhi alisukuma komeo, na mpaka saa kumi jioni hakuna aliyeweza kumfanya alirudishe nyuma. Kwa miaka kumi na mmoja aliishika kanuni hiyo, na mtaa mzima ukamheshimu kwa msimamo wake. Mtaa ulikosea.

Walimwita Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na rundo la sare za shule ambalo halikuwahi kupungua. Siku sita za wiki alishona alichoagizwa. Siku ya saba alishona anachotaka, tena kwa mkono: aliunganisha vibaki vya vitambaa kuwa shuka kubwa la viraka, kiraka kimoja kimoja, bila haraka. Saa tano, kwenye jiko la mkaa la humo humo chumbani, aliinjika sufuria ya supu ya mifupa yenye tangawizi na pilipili manga, ichemke taratibu. Mumewe alivaa miwani na kusoma kitabu cha hadithi kwa sauti.

Mumewe alikuwa amestaafu posta, ambako aligonga mihuri miaka thelathini, kwa hiyo jina lake lilikuwa Stempu. Walisoma sura moja kila Jumapili, na sura ikianza sharti iishe. Kuchungulia mbele kulikatazwa. Siku moja Fundi alimkamata.

"Mbona umeshtuka kabla hakimu hajaingia chumbani?"

"Nimeshtuka?"

"Umeshtuka. Umesoma Jumatano, wewe mzee mwizi."

"Nilifungua tu niangalie kama panya hawajakitafuna."

"Panya gani anatafuna sura ya kumi na mbili peke yake?"

Walicheka mpaka supu ikafurika jikoni. Raha zao zilikuwa hizo tu, na hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye komeo.

Katika nyumba aliyokulia Fundi, Jumapili ilikuwa siku ya mkanda. Baba yao hakuwa na kazi ya kwenda siku hiyo, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshapata sababu: chumvi, kiatu, mlango uliobamizwa. Alimpiga mama yao kwa upande wenye chuma. Fundi, akiwa na miaka tisa, alimvuta mdogo wake wa miaka minne uvunguni mwa kitanda na kumziba masikio kwa viganja. Ya kwake yalibaki wazi. Alisikia kila pigo, na siku mama yao alipovunjwa mkono alisikia hata mfupa. Ndipo alipojiapiza kwamba akipata nyumba yake, kutakuwa na siku moja ambayo ugomvi hautavuka kizingiti.

Yule mdogo akakua, akaolewa na mwashi, mwanaume wa mabega mapana na mdomo wa utani. Walihamia nyumba ya nane kutoka kwa Fundi, mwendo wa dakika tatu. Mwaka haukuisha kabla Mwashi hajaanza kumpiga. Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne. Alimburuta mkewe kwa nywele mpaka uani, akamkandamiza uso kwenye mchanga wa kujengea mpaka akaula. Mke alichomoka akakimbilia karakana ya dada yake, midomo imejaa mchanga na damu.

Fundi aliinuka kwenye cherehani. Alichukua rula yake ya mbao, ile ya mita moja, akatoka. Alimkuta shemeji yake barabarani, mbele ya banda la kinyozi, na akampiga nayo begani mpaka ikavunjika vipande viwili. Kisha akampiga na kipande kilichobaki.

"Shemeji, unanidhalilisha mbele ya watu!"

"Bado! Mguse tena uone. Mguse tena nikukate kama kitambaa!"

Kinyozi, aliyekuwa ameacha kichwa cha mteja nusu upara, akapaza sauti: "Fundi, mpime vizuri! Kiuno bado!"

Watu wakaangua kicheko. Mwashi akaondoka ameshika bega, na kuanzia siku hiyo kila akipita, kinyozi alimuuliza suti yake itakuwa tayari lini. Mwashi alimwogopa shemeji yake, na kwa miezi mitatu mkewe alikaa bila alama. Fundi aliamini amemaliza kazi.

Ndipo michubuko ikarudi, lakini sasa ilionekana Jumatatu. Jumatatu moja shavu lilikuwa limevimba, nyingine kidole kilikuwa kimepinda. Ya tatu, mdogo mtu alikuja kukaa na akashindwa kukaa.

"Nimejigonga mlangoni, dada."

"Mlango gani huo unaofanya kazi Jumapili tu?"

Mdogo wake akainamisha kichwa. Aliokota uzi sakafuni, akauviringisha kidoleni, akaufungua.

"Anangoja ufunge," akasema. "Anasimama dirishani kwetu, anauangalia mlango wako mpaka ufungwe. Halafu ananiambia, haya, sasa nenda kamwite askari wako."

"Kwa nini hukuja kugonga?"

"Nimekuja. Mara mbili."

Fundi alizikumbuka zile hodi. Aliziona ni za wateja wakorofi, wale wanaokumbuka Jumapili mchana kwamba mtoto hana sketi ya kesho. Mara ya pili alikuwa amemwambia Stempu apandishe sauti ya kusoma.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeling'oa lile boksi na kulitia jikoni. Stempu alisema hivyohivyo jioni ile.

"Tulitoe, mama. Mlango ukae wazi."

"Nikilitoa kwa ajili yake, kesho atakuja wa vifungo, keshokutwa wa zipu. Nimekuwa na siku moja, mume wangu. Moja. Yeye aje kabla ya saa nne, akae humu ndani na sisi. Akishaingia, nani atamgusa?"

Ilionekana ni hekima. Ilikuwa ubinafsi uliovaa nguo za hekima, kwa sababu ulimtaka anayepigwa awahi saa, na aliyestarehe hakutakiwa kusogeza hata kiti.

Jumapili mbili mpango ulifanya kazi. Mdogo wake alifika saa tatu na nusu, akapewa sindano na vibaki, akakaa miguu juu ya mkeka. Mshono wake ulikwenda upogo na Stempu akamwambia huo ni mstari wa mlevi anayerudi nyumbani. Alikunywa supu bakuli mbili. Jumapili ya pili aliomba la tatu, na Fundi akamtazama tumbo.

"Miezi mingapi?"

"Minne. Bado sijamwambia mtu, dada. Mume wangu naye asijue. Nikimaliza mwezi huu nakuja kukaa hapa moja kwa moja. Nitakuwa na sababu."

"Hukuhitaji sababu," alisema Stempu.

Jumapili ya tatu, saa tatu na nusu ilipita. Fundi alisimama mlangoni mpaka saa nne kamili akiangalia barabara. Kisha akasema labda amelala, ni hali ya wajawazito, akasukuma komeo.

Hakuwa amelala. Mwashi alikuwa ameukuta mfuko wa nguo nyuma ya pipa la maji, umefungwa tayari. Aliufungua akazitandaza nguo kitandani moja moja, akimuuliza kila moja inaenda wapi. Kwenye nguo ya nne akampiga ngumi ya kidevu, taya likavunjika. Mke alianguka, naye akampiga mateke ya tumbo kwa viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Alipochoka alikwenda kunywa maji. Mke akatambaa hadi mlango wa uani, akainuka kwa kushika ukuta, akakimbia zile nyumba nane.

Akagonga.

Ndani, Stempu alikuwa katikati ya sura. Akanyamaza, akashusha kitabu.

"Kuna mtu."

"Angekuwa yeye angeita," alisema Fundi. "Huyo ni yule mama wa sare, nilimwambia Jumatatu. Soma."

"Mama, nifungue tu niangalie."

"Zimebaki kurasa tano, mume wangu. Malizia."

Stempu akasoma, na hilo nalo liandikwe juu yake. Hodi ziliendelea, lakini hazikuwa na nguvu, zilikuwa kama mtu anayepiga kwa kiganja kilichofunguka. Hakuita kwa sababu taya halikumruhusu kutamka neno "dada". Alipiga kiganja kwenye lile boksi, kurasa mbili, tatu, mpaka Mwashi akamfikia pale kizingitini akiwa na nyundo ya kuvunjia matofali.

Sauti iliyofuata haikuwa hodi. Fundi aliijua. Aliwahi kuisikia akiwa na miaka tisa.

Aliipindua meza ndogo akikimbilia komeo. Mlango ulipofunguka mdogo wake aliangukia ndani, upande wa kushoto wa uso hauna umbo tena, na nyuma yake Mwashi alikuwa ameinua nyundo kwa pigo la pili. Fundi aligeuka, akainyanyua sufuria jikoni kwa mikono mitupu, akamwagia shemeji yake supu yote inayochemka usoni na kifuani. Mwashi alipiga yowe akaiachia nyundo. Fundi akachukua mkasi wa kukatia na kumchoma nao pajani, akauchomoa, akamchoma tena, na angemchoma ya tatu kama kinyozi asingeruka barabara na kumkumbatia kwa nyuma.

"Basi, Fundi! Basi! Utamuua!"

"Niache nimuue!"

"Mtazame mdogo wako kwanza! Mdogo wako anapumua!"

Alikuwa anapumua. Stempu alimshika kichwa mapajani, ametupa miwani, anarudia neno moja tu: samahani. Majirani walimfunga Mwashi kwa kamba ya kuanikia nguo mpaka polisi walipofika. Alihukumiwa miaka kumi na minne. Fundi hakushtakiwa.

Mtaa ulimsifu tena. Walisimulia sufuria na mkasi, na walimwita shujaa. Yeye alikataa jina hilo mbele ya kila aliyelitamka, na katika hilo peke yake alisema kweli. Ushujaa wake ulikuja baada ya kurasa tatu.

Mdogo wake alipoteza jicho la kushoto, meno sita na mtoto. Hakurudi kuishi na dada yake. Alipotoka hospitali alikodi chumba mbali na mtaa ule, na hajawahi kumfungulia Fundi mlango.