Mwenye Nafasi Ndiye Mbebaji

Mnanichosha. Kila wiki swali ni lile lile: shanta la lita ngapi kwa wiki nzima mlimani? Ukiambiwa sitini unaguna, unataka tisini, eti huwezi jua. Huwezi jua nini? Kaa hapo nikupe habari za Leontina wa Avrig, mji mdogo wa Romania, halafu ukanunue pipa lako.

Leontina ni mkandaji unga wa kiwanda cha mkate, mfupi, mtalaka. Miaka yote akitoka zamu anaiona milima ya Făgăraș imekaa juu ya mapaa ya watu, na Moldoveanu, kilele chenyewe, kimejificha huko nyuma. Mumewe siku anaondoka alimtupia neno: "Wewe mwisho wako mlango wa kanisa." Likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akajiunga na chama cha wapanda milima. Akawafagilia ofisi, akawaokea mikate ya bure, mpaka Tiberiu, mkuu wa misafara, akamwambia kiangazi hiki anakwenda nao wiki nzima, hadi Moldoveanu.

"Ila nunua shanta la maana, mama. Tisini. Usinijie na kikapu cha sokoni."

Wakaenda pamoja dukani, mjini Sibiu. Muuzaji, mama mmoja aliyechoka kusimama, akampima Leontina mgongo kwa utepe, kutoka mfupa wa shingo mpaka usawa wa nyonga. Akamletea shanta la kijani, la wastani, akatia mifuko ya mchanga ndani, akamfunga mkanda wa kiunoni. Leontina akazunguka kati ya rafu. Mzigo ukakaa kwenye nyonga, mabega yakapumua.

"Hili ndilo lako," muuzaji akasema. "Lile tisini ni la mgongo mrefu. Mkanda utakushukia mapajani, uzito wote ubaki mabegani."

"Dada, huyu anabeba magunia ya unga," Tiberiu akacheka. "Mabega ndiyo mali yake."

"Basi mvalishe punda, uone kama punda hachubuki."

"Punda halipi, huyu analipa," Tiberiu akajibu.

Leontina akamtazama yule mama, akamtazama Tiberiu. Ruhusa ya kwenda Moldoveanu alikuwa nayo Tiberiu. Akachukua tisini.

Sasa, chama kile kina desturi yake, na hakuna anayekwambia mpaka yakukute. Kituo cha treni cha Turnu Roșu, kabla ya kupanda mlima, wote wanalaza mashanta chini, mkuu anapita akibonyeza kwa kiganja. Likibonyea lina nafasi, na mwenye nafasi ndiye mbebaji wa vitu vya wote. Wazoefu wanajua. Zenobia, mweka hazina, alikuwa amejaza lake mto wa kulalia. Tiberiu mwenyewe alisokomeza blanketi bila kulikunja. Yote magumu kama ngoma. La Leontina likameza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Umetukomboa, mama," Tiberiu akasema, akaanza kujaza: hema kubwa, sufuria, mitungi ya gesi, makopo ya chakula, mapande ya mafuta ya nguruwe ya chumvi, chupa za gongo ya plamu.

"Mkuu, mbona vyote kwangu?"

"Si umekuja na kabati? Kabati kazi yake nini?"

Wakacheka wote. Na yeye akacheka, maana ndivyo mgeni anavyofanya.

Kupanda Suru, kilele cha kwanza, mkanda ukamteremkia mapajani kama alivyoambiwa. Kufika kilele cha Negoiu, penye minyororo ya kushikilia kwenye miamba, mabega yamechubuka, fulana imegandia kidondani. Kila jioni Tiberiu anajikatia pande nene, anajipangusa mdomo: "Vumilia, mama. Si unaona tunavyokupunguzia?" Kisha makopo matupu na chupa zinarudi mle mle kwenye shanta lake. Kila kopo Leontina alilihesabu kuwa hatua ya kwenda Moldoveanu.

Wakafika ziwa la Bâlea, pale barabara inapokata mlima. Garini akashuka Casian, shemeji yake Tiberiu, kapumzika, kanyoa, ana shanta jipya na chakula kipya.

"Hema mpe Casian," Tiberiu akasema. "Na sufuria."

Leontina akatoa. "Na mimi nabeba nini?"

"Wewe unashuka. Mbele ni kugumu, na hema lina nafasi za kuhesabu. Basi la Sibiu lile pale."

"Naweza, mkuu. Miguu mizima."

Tiberiu akambonyeza bega kwa kidole gumba. Leontina akajikunja bila kutaka.

"Umeona? Moldoveanu haihami. Na hizo takataka shuka nazo, huko juu hakuna pa kutupa."

"Tutakupigia picha," Zenobia akasema, tayari anatembea.

Dereva wa basi akamwambia shanta linanuka, alitie kwenye buti. Abiria wakaziba pua hata hivyo, maana na yeye alikuwa ananuka.

Mpaka leo mkono wake wa kushoto haufiki rafu ya juu ya tanuri. Picha hawakumtumia. Mwaka uliofuata chama kilimpata mgeni mwingine. Moldoveanu Leontina hajaiona.

Kwa hiyo na wewe hapo kati yao, unayekusanya watu kwa safari ya Agosti, nakuomba kitu kimoja. Kabla hujamwambia mgeni wako anunue kubwa, livae wewe, lijaze hema na sufuria za wote, upande nalo mpaka Suru. Ukirudi, ndipo umshauri.