Taja Jina Ndipo Uokote

Asubuhi ile nilitoka Kibati bila kujua ninakwenda wapi. Begani nilikuwa na nyundo ya kuvunjia mawe, maana kazi niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha juzi yake. Kabla ya mawe nilikuwa nimepakia maharagwe kwenye malori ya Rutshuru, nimeshona viatu, nimekaanga samaki. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Nilipenda kujua kila kitu, lakini miguu yangu haikukubali kukaa chini ya dawati.

Barabara ikaniteremsha mjini, nikapita Himbi kwenye nyumba za mageti marefu, nikafika Keshero. Hapo palikuwa na shule ambayo ukuta wake ulikuwa umeanguka upande mmoja. Mwanamke mwenye miwani alisimama ndani, juu ya nundu ya mawe meusi ya volkano, mikono kiunoni.

"Papa," akaniita, "nyundo hiyo ni ya kutembeza ao ya kufanya kazi?"

"Ya kazi, mama."

"Basi ingia. Niko na watoto, sina kiwanja."

Huyo ndiye Mama Prefe, yaani mkuu wa shule. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nilikaa pale miaka kumi na tisa, na mpaka leo nikifikiria ilivyokuwa, ninashika kichwa.

Wiki ya tatu mwalimu wa gim, yaani mazoezi ya mwili, alipata kazi ya udereva katika ofisi moja akaondoka bila kuaga. Mama Prefe akanijia kwenye mawe, filimbi mkononi.

"Kila siku unaacha nyundo, unaangalia gim kama mutu anaangalia filamu. Kamata hii."

"Mama, mimi sina diplome!"

"Niko najua. Siku enspekta atafika, akisema utoke, utatoka, na mimi nitasema sikujua. Mpaka siku ile, batoto ni bako."

Enspekta ni mkaguzi wa serikali. Tangu saa ile, kila gari likisimama mbele ya geti nilichungulia nani anashuka.

Ninyi walimu wachanga mnaonisikiliza leo mna kiwanja cha saruji. Sisi tulikuwa na mawe niliyoyavunja mimi mwenyewe, na hata yakivunjwa, jiwe la volkano lina meno. Mpira wa kikapu haukudundika. Uliruka upande wowote uliotaka. Mpira wa miguu ulimaliza viatu, na wazazi walikuja kulalamika wakiwa wameshika kiatu mkononi kama ushahidi. Nikafungua kabati la vitabu, nikapata kitabu cha michezo cha Kifaransa, kimeliwa na panya. Ndani yake nilikuta mchezo uliochanganya michezo miwili. Mpira ukiwa chini ni wa mguu, kama mpira wa kawaida. Ukiwa hewani ni wa mkono, unadakwa na kurushwa, na mwenye nao hapigi zaidi ya hatua tatu. Ukiingia golini kwa mguu ni pointi tatu. Ukidakwa na mwenzako nyuma ya mstari wa mwisho ni pointi moja. Watoto wakauita Mguu-Mkono.

Lakini jambo kubwa la mchezo huo ni namna mpira unavyotoka chini kuingia mkononi, na hapo ndipo ukurasa ulipochanika. Mstari wa mwisho wa ukurasa ulisema: "Mpira ulio chini hauokotwi kwa mkono isipokuwa..." Basi. Panya walikula yaliyobaki.

Siku ya kwanza niliwaacha waokote wapendavyo. Watoto sitini na wawili, mpira mmoja, wote wakainama. Vidole vikakanyagwa, damu ikatoka. Nikapiga filimbi, nikatunga sheria papo hapo: utaokota mpira ulioletewa na mwenzako tu, na kabla ya kuinama utaje jina lake kwa sauti. Ukishalitaja, wapinzani wanarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa na hila pia, maana nilikuwa mgeni na nilitaka kujifunza majina yao.

Mpira ukaenda kwa msichana mmoja mwembamba, akausukuma vizuri kwa mguu kwenda kwa Bahati, kijana mwenye mbio kuliko wote. Bahati akafungua mdomo, akaufunga. Akageuka kuangalia wenzake.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Wakaangaliana. Nikawauliza wote, wakainua mabega. Mmoja akasema, "Ni ule wa kambi." Alikuwa ametoka Masisi na mama yake kwa ajili ya vita, na alikuwa amekaa katika darasa lile tangu mwanzo wa mwaka. Sasa tulikuwa mwezi wa tatu!

"Unaitwa nani, mama?" nikamuuliza.

"Riziki."

"Riziki!" Bahati akapiga kelele, akaokota mpira, akakimbia. Kutoka siku ile sikuibadilisha sheria.

Miaka minne ilipita kabla gari la enspekta halijasimama getini. Nilimjua kwa viatu: vyeusi, vimeng'aa, vyenye ncha. Mama Prefe alitembea nyuma yake bila kuniangalia. Enspekta akasimama pembeni, akatazama dakika tano.

"Mwalimu, wanaita majina ya nini?"

"Ni sheria, Bwana Enspekta."

"Iko ukurasa gani?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Haiko popote. Ukurasa ulichanika, nikaweka yangu. Na diplome pia sina."

Mama Prefe akafunga macho. Enspekta akavua koti, akampa alishike.

"Niliucheza mchezo huu nikiwa mwanafunzi," akasema. "Mpira hauokotwi isipokuwa umeinuliwa kwa mguu. Angalia."

Akaweka ncha ya kiatu chini ya mpira, akauinua hewani, akaudaka. Watoto wakapiga makofi. Kweli ulikuwa ufundi. Akafanya tena. Mara ya tatu ncha ilikwama kwenye jiwe, na soli ikafunguka kama mdomo wa samaki. Hakuna aliyethubutu kucheka. Enspekta akaangalia kiatu, akaangalia viatu vya watoto, kimoja baada ya kingine, vilivyoshonwa na kushonwa tena. Akaupiga mpira pembeni kwa hasira, ukaenda kusimama mbele ya Riziki, ambaye sasa alikuwa mwaka wa sita.

Riziki hakuinama.

"Okota," akasema enspekta.

"Siwezi, papa. Sijui jina yako."

Nilitaka ardhi inimeze. Kwetu mtoto hamtaji mkubwa kwa jina tupu. Hata mimi, miaka minne na Mama Prefe, sikuwa nimewahi kutamka jina lake. Bahati alishika mdomo kwa mikono miwili.

Enspekta akapiga hatua mbili kumwelekea, soli ikining'inia.

"Faustin," akasema mwishowe.

"Faustin!" Riziki akaita, sauti ikafika barabarani. Akaokota, akamrushia. Enspekta akaudaka akiwa ameduwaa, akacheza nasi mpaka kengele ikalia, na kila alipoletewa mpira, kwanza alimuuliza jina aliyeuleta.

Alipochukua koti lake akaniambia, "Endelea kufundisha. Lakini sheria yako usiiandike kwenye karatasi ya somo. Ikiandikwa, nitalazimika kuisoma."

Sikuiandika hata siku moja.

Mama Prefe alistaafu. Prefe wa pili alikuwa mwanamume wa kalamu nyingi mfukoni. Akamwaga saruji kiwanja kizima, jambo zuri. Jumatatu moja akaniita. "Muzee, magoti yako yamechoka, na tumepata mwenye diplome." Nikarudisha filimbi. Baada ya mwezi nilipita nikachungulia. Mwalimu mpya alikuwa na kitabu kizima. Watoto waliinua mpira kwa mguu, haraka, vizuri kuliko wangu walivyowahi kucheza. Lakini walicheza kimya. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyetoka mazishini, kwa sababu kitu ambacho hakikuandikwa hakina pa kutafutwa.

Kuzeeka hakukuituliza miguu yangu. Mwaka huu, asubuhi moja, nilikwenda bandarini bila mpango, nikapanda boti ya kwanza iliyokuwa ikijaa. Ilikuwa ya Idjwi. Nilishuka kisiwani alasiri, simjui mtu, sina pa kulala. Nikafuata kelele za watoto mpaka kwenye kiwanja cha shule chenye udongo mwekundu. Mpira ukaviringika mpaka miguuni kwangu. Nikainama kuuokota.

"Foti! Muzee, foti!" Msichana wa miaka kama kumi na miwili alikuja mbio kunihesabia kosa. "Umekamata mupira na hauite jina!"

Mpira ukaniponyoka.

"Sijui jina la aliyeuleta," nikasema.

"Si uulize!"

"Unaitwa nani?"

"Esperance."

"Esperance!" Nikaokota. Nikauweka chini, nikamrudishia kwa mguu. Hakuinama. Alisimama akinitazama, akingoja, mpaka nikaelewa.

"Kasereka," nikasema.

"Kasereka!" akapaza, na wanawake waliopita na mizigo wakageuka kwa mshtuko.

Mwalimu wao, kijana, aliniambia alifundishwa mchezo huo na mwalimu mmoja wa Kalehe, ambaye naye hakusema aliupata wapi. Nikamuuliza kama sheria ya majina iko kitabuni.

"Kitabu gani, muzee? Ndivyo unavyochezwa tu."

Nikakaa pembeni, nikawasikiliza watoto wakiitana majina.

Jua lilipoanza kushuka nilimwambia Esperance kwamba sina pa kulala, naye akanishika mkono mpaka kwao. "Mama, huyu ni Kasereka. Anatafuta pa kulala."

"We mutoto! Unaita muzee vile?"

"Mwache, mama," nikasema. "Ni sheria."

Mama akanitazama, akamtazama binti yake, kisha akafungua chumba cha nyuma. Kilinuka mananasi. Akasogeza vikapu viwili ukutani, akakunjua mkeka.

"Karibu, Kasereka," akasema, akacheka mwenyewe, mkono mdomoni.