Kioo cha Lori la Taka

Ukitaka ugomvi na Pantaleo, mwambie hajui kuendesha gari. Miaka kumi na minne alikuwa ameshika usukani wa lori la taka la jiji, hakuna uchochoro wa Kariakoo asioujua, na hajagonga hata kuku. Sasa fikiria uso wake siku ule waraka ulipobandikwa mlangoni pa gereji, miaka ile baada ya Azimio la Arusha: kila dereva wa gari la halmashauri, awe mkongwe awe mgeni, atahudhuria mafunzo wiki tatu kisha afanye jaribio la leseni. Atakayeshindwa atanyang'anywa usukani na kupewa ufagio.

Alirudi kwake Magomeni amevimba kama andazi. Alitukana waraka, akatukana aliyeuandika, hata chai hakuinywa. Lakini tuseme kweli, ile haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Pantaleo hakuwahi kurudi nyuma kwa macho. Alirudi nyuma kwa masikio. Utingo wake, Zahoro, alikuwa akisimama nyuma ya lori na kupiga bodi kwa kiganja: mbilimbili, njoo, moja, simama. Wamefanya hivyo tangu siku ya kwanza, na Mungu akawasitiri.

Na vioo je? Cha kushoto kilivunjwa na bati la duka. Cha kulia alikifungua mwenyewe, eti kisije nacho kikavunjika, akampelekea mkewe. Kikatundikwa chumbani, na Benedikta akawa anachania nywele hapo kila Jumapili kabla ya misa.

Mkufunzi alikuwa kijana, Bwana Bakili, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Akatangaza kuwa kwenye jaribio hakuna utingo, ni dereva na kioo chake. Na kurudi nyuma ni kwa mkupuo mmoja. Anayesimama njiani amefeli. Stoo ya gereji haikuwa na kioo hata cha dawa, kwa hiyo Pantaleo ikambidi aende kwa mkewe, kichwa chini.

Benedikta alikishusha kioo, akakifuta kwa kanga, akampa.

"Kichukue, Baba Scholastika. Lakini ukirudi na ufagio, utafagia na hapa."

Wiki tatu hizo shingo ilimuuma Pantaleo kwa kugeukageuka. Mwanzoni alikichukia kile kioo, akasema kinasogeza vitu. Bakili hakumwonea haya wala hakumdharau. Alimrudisha tu, tena na tena, mpaka jicho likazoea kwenda lenyewe kulia. Mwishoni mzee akaanza kupenda, ingawa kukiri hakukiri.

Siku ya jaribio walipelekwa uchochoro mmoja wa Mchafukoge, nyuma ya maduka, lori lirudi mpaka kwenye ukuta wa jalala. Zahoro aliambiwa angoje barabarani kwa muuza kahawa. Angoje! Moyo ulimshinda. Rafiki yake anaenda kupewa ufagio, naye anywe kahawa? Akazunguka nyumba tatu na kuingia uchochoroni kwa upande wa pili.

Pantaleo alitia gia ya nyuma. Lori likaanza kurudi polepole, jasho linamtiririka. Ghafla akasikia kiganja kwenye bodi, mbilimbili, kile kile cha siku zote. Loo, raha aliyoisikia! Mwili mzima ulilegea. Angeweza kufumba macho akafika ukutani salama, leseni mkononi.

Lakini jicho lilikuwa limeshakwenda kulia.

Akamwona Zahoro. Miaka kumi na minne alikuwa anamsikia tu. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona kazini. Alikuwa kwenye kona ya nyuma ya lori, mgongo umegusa ukuta, tumbo amelivuta ndani, chuma kinamjia, na nafasi iliyobaki haifiki mkono. Naye anapiga njoo, njoo, huku anatabasamu.

Pantaleo akakanyaga breki.

Bakili, aliyekaa pembeni yake, akainua kalamu. "Mbona umesimama?"

Kumtaja Zahoro ni kumponza, maana alikatazwa. Kutomtaja ni ufagio.

"Kuna mtu nyuma," Pantaleo akasema. "Siendi."

Bakili akashuka kutazama. Alimkuta Zahoro ameinama, anajifanya anatafuta kandambili aliyokuwa ameivaa. Aliitazama ile kandambili mguuni, akamwonyesha njia ya kutokea, akarudi kukaa.

"Nilisema anayesimama amefeli, mzee wangu. Nilikosea. Anayesimama kwa ajili ya mtu amefaulu. Haya, maliza."

Akamaliza. Jioni leseni ilikuwa mfukoni, naye alikuwa na furaha ya kumtosha yeye na mtaa mzima. Njiani kurudi Magomeni alijaribu kumfokea Zahoro. Amesimama pale miaka yote, mgongo ukutani? Na breki ingekataa je? Na yeye asingesikia je?

Zahoro alishangaa kweli.

"Si nilikuwa napiga moja, nawe unasimama?"

Tangu siku ile Zahoro hupigia bodi ubavuni, anapoonekana, na Pantaleo humtazama kwanza ndipo amsikilize. Benedikta alinunuliwa kioo kingine, kikubwa zaidi, na kwenye kile cha lori hakuna aliyechana nywele tena.