Hodi Iliyojibiwa Haraka

Siku yangu ya kwanza kazini, Kisumu, Mhandisi Mkuu hakunionyesha hata kiti. Alinionyesha kompyuta. "Achieng', kabla hujatoa amri yoyote kwa pampu, piga hodi kwanza. Ama unaingia nyumba za watu hivi hivi?"

Ninyi vijana mna majina yenu, lakini sisi tuliita hivyo: kupiga hodi. Kila kifaa kwenye ethaneti, yaani mtandao wa nyaya, kina anwani yake ya namba. Kompyuta hutuma ujumbe mdogo kwa anwani hiyo, kifaa kikijibu tunasema kimesema karibu. Hapo ndipo unawasha au unazima.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha maji ya mashamba ya mpunga, upande wa Ahero. Pampu zilikuwa mbali na ofisi, waya ukipita kando ya mfereji. Asubuhi moja gugumaji lilikwama kwenye pampu ya pili. Fundi Ouma alikuwa ashuke kwenye shimo la pampu kulitoa. Swichi ya kule ilikuwa imeharibiwa na mafuriko, kwa hiyo maisha yake yalikuwa kwenye kidole changu.

Alinipigia simu. "Nyar Muhoroni, umezima?" Aliniita hivyo, binti wa Muhoroni, kwa sababu nilizaliwa huko.

Nilipiga hodi. Karibu. Nikatuma amri, kioo kikaandika: imezimwa. "Nimezima, shuka tu," nikamwambia. Yeye alisikia pampu kimya, akaniamini.

Halafu nikaangalia tena muda wa lile jibu. Pampu ya pili ilizoea kujibu kwa milisekunde nne. Safari hii jibu lilikuja chini ya moja. Yawa! Mtu wa mbali anafikaje mlangoni upesi hivyo?

Nikageuka. Mezani kwangu kulikuwa na kifaa cha majaribio. Jana yake nilikuwa nimekipa anwani ya pampu ya pili ili nijifunze, nikasahau kukichomoa. Nilikuwa nimezima kifaa cha mezani. Pampu yenyewe ilikuwa imepumzika tu, na saa yake ingeiwasha saa nne kamili. Zilibaki dakika tatu.

Nilimpigia Ouma. Simu iliita, iliita. Alikuwa ameiacha juu ndani ya koti. Nikachomoa kifaa, nikapiga hodi. Kimya! Nikarudia, nikakosea namba mara mbili. Kisha nikakumbuka: kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya nani anakaa wapi, na ilikuwa bado inapeleka hodi zangu kwa kile kifaa cha mezani. Nikaifutia kumbukumbu hiyo. Hodi. Ikajibu kwa nne. Nikazima, dakika moja kabla ya saa nne. Nikaketi sakafuni nikalia.

Ouma alitoka amelowa matope, akapiga simu akicheka. "Mbona umenipigia mara nyingi hivyo? Umenimiss?"

"Nilitaka kujua kama umemaliza," nikasema.

Mhandisi Mkuu sikumwambia. Ouma pia sikumwambia. Niliogopa kufutwa kazi, kisha nikaogopa uso wa Ouma. Tangu hapo sikukubali karibu yoyote bila kuangalia muda wake, na waliocheka kwamba mama huyu ana woga niliwaacha wacheke.

Sasa nimestaafu. Kila Krismasi Ouma hunitembelea na mfuko wa mchele, na kila mara huwaambia wajukuu wangu, "Huyu ndiye aliyenilinda." Wali huo haushuki kooni vizuri.

Juzi, Krismasi, Ouma alipiga hodi mlangoni. Mjukuu akaitikia karibu, hata hakuuliza ni nani. Nikaikumbuka ile karibu ya haraka kule Ahero. Nikamwambia Ouma, "Keti kwanza. Leo kabla ya chai, nisikilize."