Aliyeshika Usukani wa Kobe

Kuna picha inazunguka kwenye simu za ukoo wetu. Mume wangu ameketi kwenye kiti cha dereva cha kombi yetu, mikono miwili juu ya usukani, anatabasamu kama bwana harusi. Chini yake mwanangu mkubwa ameandika: "Baba akiliaga gari aliloliendesha miaka ishirini na sita." Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini uongo naweza kuusoma hata ukiandikwa kwa herufi nzuri.

Mume wangu hajui kuendesha gari. Hajawahi kujua. Ni fundi wa vyerehani, na kwa kazi hiyo simpunguzii hata nukta. Cherehani kilicholala miaka kumi atakiamsha kabla chai haijapoa. Lakini gari niliendesha mimi.

Kombi ile tuliinunua ikiwa kuukuu, wakati washonaji wa miji midogo walikuwa hawana pa kupeleka mashine zao. Tukaona tuwafuate. Ndani tuliweka kitanda cha kukunja, jiko dogo la gesi, kabati la vyombo, na nyuma kabisa meza yake ya kazi yenye jiliwa la kubania vyuma. Tuliiita Kobe, kwa kuwa ilitembea na nyumba yake mgongoni, tena kwa mwendo huohuo.

Wiki ya kwanza alijaribu kuendesha yeye. Akarudi kinyumenyume, akaangusha uzio wa mwalimu mkuu pamoja na kamba nzima ya nguo zilizoanikwa. Akashuka, akanipa ufunguo palepale, mwalimu mkuu ameshika kiuno. "Mama watoto," akasema, "hii mashine haina sindano. Mimi siijui." Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, dereva wa lori la mbao, na leseni nilikuwa nayo kabla sijaolewa. Tangu siku ile yeye alikaa nyuma akisugua vyuma kwa tupa, mimi mbele. Nikipita kwenye shimo utamsikia: "Dereva, nina skrubu mdomoni huku." Namjibu, "Imeze, tumechelewa."

Nimeivusha Kobe kwenye matope ya kufika magotini. Nimeiendesha na mimba ya huyuhuyu mtuma picha, tumbo likigusa usukani, mpaka siku tatu kabla hajazaliwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwaka huu fundi magari alilala chini ya Kobe, akatoka na kipande cha chuma kinachovunjika mkononi kama biskuti. "Mama, kutu imekula mifupa. Likikatika barabarani litaua mtu." Hapo sikubishana. Tukakubaliana Jumamosi iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mtaa wa tatu kutoka kwetu.

Jumamosi nilikuwa ndani ya Kobe tangu asubuhi, natoa godoro na vijiko. Jiko nililisugua likang'aa, ingawa lilikuwa linakwenda kukatwa. Sikutaka watu wa vyuma waseme nilikuwa mchafu. Nikaingia nyumbani kunawa mikono. Niliporudi nikamkuta mwanangu amempandisha baba yake mbele.

"Baba, shika usukani. Tazama mbele, kama uko safarini."

Na yeye akashika. Hilo ndilo lililonichoma. Mtoto anamvika kilemba cha ukoka, naye anainamisha kichwa kimkae vizuri.

"Shuka," nikasema.

"Mama, ni picha tu," mwanangu akasema.

"Nani alikuwa anakupeleka kliniki kwa gari hili?"

"Wewe. Lakini gari ni la baba, kadi ina jina lake."

"Hata wewe una jina lake. Nani alikubeba?"

Binti yangu wa mwisho, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Mume wangu akaanza kushuka, mguu ukamkwama kwenye kanyagio.

"Mwone," nikasema. "Hata kanyagio halimjui. Na wewe, ifute hiyo picha."

"Nimeshaituma, mama."

Mnunuzi alikuwa ameleta gari la kuvuta. Nikamwambia akunje mnyororo wake. Fundi magari, aliyekuja kuaga, akasema mitaa mitatu itastahimili nikienda pole. Nikapanda. Mume wangu hakuuliza akae wapi. Alizunguka, akapanda nyuma, akakaa kwenye meza yake iliyobaki tupu. Kobe ikawaka mara moja, kama vile haijaambiwa inakokwenda.

Kwenye tuta la kwanza akasema, taratibu, "Dereva, huku leo hakuna skrubu."

Nilikuwa bado na hasira, na macho yangu nilikuwa nayahitaji barabarani.

Nikaiegesha kati ya marundo ya mabati, nikazima. Nikaweka kiganja juu ya usukani, pale gamba lilipolika kwa vidole vyangu, si vya mtu mwingine. Nikashuka, nikampa mnunuzi ufunguo. Akaupokea kutoka mkononi mwangu, akamgeukia mume wangu. "Asante, mzee. Umelitunza gari."

Tulirudi kwa miguu.

Nyumbani simu yake ilikuwa haipumui. Wifi yangu alitangulia. "Kaka, hongera. Miaka yote hiyo bila ajali, si mchezo."

"Tunamshukuru Mungu," akajibu, akakata.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, magoti yetu yakagusana. Simu ya pili ilikuwa ya mdogo wake. Sauti yake hata jirani angeisikia: "Dereva wa madereva!"

Mume wangu akanitazama. Akakohoa. "Aliyekuwa anaendesha ni shemeji yako," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma na tupa zangu."

"Acha utani, kaka. Picha si nimeiona?"

"Gari lilikuwa limezimwa. Nilipigwa picha nimekaa tu. Sijui kuendesha. Sijawahi kujua."

Mdogo wake akauliza, "Hivi anakusikia hapo?"

"Ananisikia. Na ni kweli."

Alipokata nikamwambia, "Sasa mpigie dada yako."

"Kesho."

"Leo. Umemshukuru Mungu kwa kazi yangu."

Akampigia. Baada yake walipiga wengine watano, na kila mmoja akaelezwa tangu mwanzo. Kufikia wa nne sauti ilikuwa imemkauka. Nikampa maji, lakini simu sikumruhusu aizime.