Rampu ya Wilbaro

Mimi niliachia shule darasa la sita, lakini kutoka Chepilat hadi Londiani, vituo vya majani chai vimesimama kwa simiti yangu. Kwa hivyo chuo cha binti yangu kilipohitaji rampu, njia ya mwinuko ya kupandishia kiti cha magurudumu, kwenye ukumbi wa mitihani, niliwajengea mwenyewe.

Mtihani ulikuwa umebakisha siku nne. Mkuu wa chuo aliwakusanya walimu na wanafunzi wafundishwe mahitaji ya wenzao walemavu, na binti yangu ndiye angefungua rampu. Alipanda na kiti chake cha magurudumu hadi katikati, mikono ikashindwa na mwinuko. Kiti kikarudi nyuma. Nikakimbia kumsukuma.

"Baba, usiniguse!" akasema. "Hii umejengea wilbaro ya kubebea simiti. Wilbaro iko na mtu wa kuisukuma. Mimi nitasukumwa na nani?"

"Si tutambeba tu, mzee?" mwalimu mmoja akasema.

"Huyu si gunia la majani," nikamjibu.

Nikaitisha nyundo, nikaivunja rampu yangu mbele yao wote. Binti yangu akasogea mbali, karibu na geti, akasema, "Ianzie hapa, ipande polepole."

Siku ya mtihani aliipanda rampu mpya, ndefu, akaingia peke yake. Mimi nilisimama getini, mikono mfukoni.