Bawa la Kulia

Mtihani wa mchujo wa kozi ya urubani ni keshokutwa, na bawa la ndege bado linanitoa jasho. Kwenye simu ninayofanyia mazoezi, ndege inanijia uso kwa uso, bawa moja limeinama, nami natakiwa niseme ni la kulia au la kushoto kabla picha haijafutika. Kulia kwa ndege, si kwangu! Sasa mimi ni kinyozi. Kutwa namtazama mteja kwenye kioo, na humo kulia kwake ni kulia kwangu. Kichwa kimeshazoea hivyo, hakiambiliki.

“Kulia!” nikasema. Simu ikawaka nyekundu: nimekosea. “Kulia!” Nyekundu tena. Nikaifokea kama vile ni kiziwi: “Nimesema kulia! Kulia!”

Bibi yangu, aliyekuwa akikunja nguo chumba cha pili, akatokea mlangoni amefura.

“We mjukuu wangu, tangu asubuhi kulia, kulia, na chozi lenyewe sijaliona! Kama ni kulia, si ulie umalize, tupumzike?”

Nikafungua mdomo nimweleze, kikatoka kilio.

“Haya,” akasema, akirudi kwenye nguo zake. “Hapo sasa umepatia.”